Viti za Mutualité na Paa ya Emérence

Mimi sikuomba kuandika. Wamama wa mutualité yetu, chama ya kusaidiana, walikuja kwangu, wakakaa, wakakunywa chai yangu mpaka sukari ikaisha, kisha wakasema, "Mama Kadidja, tunatengeneza kitabu ya habari ya kila mumoja wetu. Wewe utaandika ya Emérence." Juu ya nini mimi? Ati juu nilijifunza herufi. Ndiyo, nilijifunza, nywele yangu ikiwa imeisha kuwa nyeupe, kwa masomo ya watu wazima, na mwalimu alikuwa na umri wa mutoto wangu wa mwisho. Lakini nyumba zenu zimejaa watoto wa université! Wanaandika kwa simu toka asubuhi, wanacheka peke yao. Wao hapana. Kadidja na macho yake ya ukungu ndiye aandike.

Bon. Naandika. Lakini naandika vile niliona, na mutu asikuje kuniambia nitoe hii ao nilainishe ile. Na niko na hasira, basi musishangae.

Emérence iko jirani yangu. Kati ya kiwanja yake na yangu kuko fensi ya miti tu, na mwenye kuegemea sana anaanguka kwa mwenzake. Avenue yetu iko upande wa Simi-Simi, pale ndege za zamani zilikuwa zinashuka. Yeye ni mutu wa Butembo, mukatoliki. Mimi niko wa jamaa za waislamu wa zamani wa mji huu, wale mababu zao walikuja na biashara. Hatujagombana juu ya Mungu hata mara moja. Tumegombana juu ya kuku, juu ya maji ya mvua, juu ya redio. Juu ya Mungu, hapana.

Alifika hapa na bwana yake Ezéchiel, juu ya camion ya maharagi, wamekaa kwenye magunia, vumbi imewafanya rangi moja na bara-bara. Ezéchiel alikuwa mutu wa kazi. Maharagi anauza hapa, kisha anapakia chumvi na sabuni anashuka nayo kwa mto mpaka Yanonge, anapanda na samaki ya moshi. Miaka ile Emérence alikuwa anavaa pagne nzuri kuliko yangu, naandika hivyo na hainifurahishi. Kisha mutumbwi moja ya biashara iligeuka na mali yao yote. Ezéchiel aliogelea, akatoka, lakini kifua yake haikutoka kwa maji ile. Alikohoa masika nzima, akakufa.

Sasa musikilize vizuri, juu hapa ndipo yote inatoka. Siku ya matanga ya Ezéchiel mvua ilinyesha. Watu walikuja wengi, wazee wa kwao, watu wa paruasi ya kanisa, sisi jirani. Na kwa nyumba ile hakukuwa kiti. Waliuza yote kwa ajili ya dawa. Wazee walisimama ndani ya matope kutoka asubuhi, suruali zao nyeusi mpaka magoti. Emérence alikuwa anawaangalia kwa dirisha. Hakulia bwana yake siku ile. Alilia miguu ya wageni.

Kisha ya kuzika alikuja kwa fensi akaniambia, "Kadidja, kwangu mutu hatasimama tena. Nakuapia." Ndipo tulianza mutualité. Kila mwanamuke kidogo yake, mpaka tukanunua viti za plastiki za buluu, termosi kubwa na sinia ya bilauri. Bwana yangu Mahmoudi, fundi wa rangi, alipaka alama nyekundu mugongoni mwa kila kiti, wasije wakaziiba kwa harusi. Viti zinakaa kwangu, juu mulango yangu iko ya mbao ngumu na kufuli. Na sheria yetu ni hii: mugeni akifika kwa nyumba ya mumoja wetu, kiti inapita juu ya fensi. Hakuna kuomba, hakuna kuuliza mugeni ni nani. Inapita tu.

Ni sheria nzuri. Bado nasema ni nzuri.

Emérence akabaki na kazi ya maharagi. Anapimia kopo, anajaza mpaka inafanya kichwa, kisha anaongeza mukono moja ya matabisi, ya bure. Nilimukatalia mara nyingi. "Matabisi yako inakula faida!" Anacheka tu. Anasema mutu akirudi nyumbani na kopo ya kunyooka, ni kama amepimiwa na adui.

Lakini paa! Paa ya nyumba ile, nusu ni bati ya zamani, kutu imeila mpaka unaona nyota. Nusu ni ndele, majani ile tunashona, na ndele yenyewe imechoka. Mvua ikinyesha anasukuma kitanda huku, anasukuma magunia kule. Maharagi inalowa, inaota ndani ya gunia kama shamba. Mutu hawezi kuuza maharagi yenye mikia. Masika mbili zingine hivyo, na Emérence hana kazi tena, na hana mutoto wa kumulisha. Kila mutu wa avenue anajua.

Basi mwaka jana shirika moja, jina naiacha, ilisema itagawa bati. Emérence aliposikia neno "bati" alinyamaza. Emérence, mutu wa kusema hata na kuku! Nikajua ameanza kutumaini.

Lakini bati haikugawiwa hivi hivi. Walisema: kwanza tutapima kwa kila avenue kama mali imegawanyika sawa ao vibaya. Pale imegawanyika vibaya sana, nyumba za chini zitapewa. Na wakatuma musichana wa université, jina yake Précieuse, na suruali na tablette, ile simu kubwa ya kuandikia. Sisemi vibaya juu yake. Alikuwa na heshima, aliniita koko kama mujukuu wangu wa kuzaa. Alikuwa anaingia kila nyumba, anauliza: iko na redio? Iko na kitanda? Iko na viti ngapi? Iko na courant ya umeme? Watu wanajibu, "Waya iko." Waya iko, kweli. Courant yenyewe imebaki kule kwa barrage ya mto Tshopo inapumzika. Anaandika: iko.

Sasa, mugeni ni mugeni. Précieuse alipoingia nyumba ya kwanza, viti za mutualité zilikuwa zimeisha kufika, na termosi, na sinia. Alipotoka kwa mulango wa mbele, viti zikatoka kwa mulango wa nyuma. Yeye anatembea kwa avenue, viti zinatembea nyuma ya manyumba, zinapita juu ya fensi, zinafika mbele yake, zinafutwa na kitambaa, zinamungojea. Mimi ndiye nilisimamia safari ile, na ilikwenda vizuri, hata bilauri haikuvunjika. Sitaomba mutu musamaha. Mugeni alikuja, akakaa.

Mara moja tu aliniangalia. "Koko, avenue hii yote munanunuaka viti kwa duka moja?"

"Tunapenda buluu," nikamujibu.

Kwa Emérence alikaa pia, akakunywa chai. Paa? Ya bati, akaandika. Viti? Dazeni moja.

Kisha iko Paluku. Papa Paluku ni tajiri wa avenue yetu, depo yake iko kwenye kona: simenti, sabuni, misumari, na bati, bati zimelaliana mpaka dari. Yeye akiona mutu na tablette anaona watu wa kodi. Asubuhi ile frigo, groupe ya kutoa courant, televizyo na fotei zake, viti kubwa za starehe za velour nyekundu, zilikwenda kulala nyuma ya simenti. Précieuse alimukuta amekaa juu ya kasha ya bia, na singileti ya matundu.

"Mutoto yangu, biashara imekufa," alimwambia. "Naangalia majani ya pondu, pondu inaniangalia. Hata mafuta ya kuweka ndani, hapana."

Alisema hivyo na tumbo yake inatikisika mbele yake kama mutu wa pili.

Précieuse alirudi kisha ya majuma kadhaa, na aibu kwa uso. Nikamwambia, "Sema."

"Koko, avenue yenu haikupata."

"Namna gani haikupata? Emérence analala ndani ya maji!"

Akatafuta namna ya kunielezea. Pale kwangu kuko nguzo mbili za kuanika nguo. Akachukua kamba, akafunga mwisho moja chini, kwa muguu wa nguzo ya kwanza, na mwisho ingine juu, kwa kichwa cha nguzo ya pili, akaivuta ikanyooka.

"Angalia. Tunapanga nyumba zote kwa mustari, toka ile ya chini kabisa mpaka ya tajiri. Mimi natembea, kila nyumba napita, najumlisha mali yake. Kama wote wako sawa, nikifika katikati ya nyumba, nimekusanya nusu ya mali. Ndiyo kamba hii ya kunyooka." Kisha akalegeza kamba, ikashuka katikati. "Lakini kama nusu ya kwanza ya nyumba wako na kipande kidogo tu, na mali yote iko kwa wale wa mwisho, kamba inalala chini hivi, kisha inapanda mbio pale mwisho. Unaona tumbo hii, kati ya kamba ya kunyooka na kamba ya kulala? Tunapima tumbo. Tunaigawanya na nafasi yote iliyo chini ya kamba ya kunyooka. Inatoka namba. Zéro ni usawa. Ikikaribia moja, mutu moja amekula yote."

Mimi si mujinga, nilielewa. "Na yetu?"

"Zéro virgule moja, karibu na zéro kabisa. Koko, sijaona avenue ya usawa hivi. Chef wangu alifikiri nimekosea, akarudia hesabu mwenyewe. Bati zinaenda pale tumbo ni kubwa."

"Na kama wote tunakufa njaa sawasawa?"

"Zéro."

"Na kama wote ni Paluku?"

"Zéro vilevile. Kipimo hii haiulize mulikula ngapi, inauliza mulikula sawa. Kwa umaskini wenyewe kuko kipimo ingine. Shirika ilichagua hii."

"Ilichagua vibaya."

"Koko, kipimo si mbaya. Inapima kile unaipa."

Ndipo nilimuonyesha. Nilifungua mulango, nikamuonyesha viti zetu zimepangwa moja ndani ya ingine, na alama nyekundu ya Mahmoudi mugongoni. Akaweka mikono kwa kichwa.

"Mama wee! Dazeni hii moja nimeihesabu kwa kila nyumba?"

"Na termosi."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliuliza kama viti ziko. Zilikuwa. Ulikuwa umezikalia."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka, juu alijua ni kazi yake pia. Nikamwambia pia vitu Paluku alificha nyuma ya simenti. Akasema kuko njia moja. Shirika inaruhusu kurudia hesabu kwa nyumba chache, kuhakikisha. Atachagua nyumba ya Emérence na ya Paluku ndani yake. "Lakini koko, siku ile viti zikae kwako. Nakuomba sana. Nikute kila nyumba vile iko."

Nikamwahidi. Mimi nikiahidi, hata Mahmoudi hawezi kunisogeza, na amejaribu miaka mingi.

Siku yenyewe nilifunga kufuli, nikaweka funguo chini yangu, nikaikalia. Haikupita muda, Emérence akatokea kwa fensi. Amefunga kitambaa ya kanisa kichwani.

"Kadidja, pitisha kiti moja."

"Hapana."

"Moja tu. Mutoto wa watu anakuja."

"Leo atasimama. Akisimama utapata bati. Akikaa utapata mvua."

"Nimwambie nini? Simama hapo, mimi niko maskini?"

"Hivyo hivyo! Na ukohoe kidogo."

Hakucheka. "Ezéchiel alizikwa watu wamesimama."

"Ezéchiel hana haja ya bati. Wewe iko na haja!"

"Sheria inasema inapita bila kuuliza. Tuliiweka mimi na wewe."

"Leo sheria imelala."

"Wewe iko na mulango ya mbao ngumu," akasema, "ndiyo maana unaona ni rahisi mutu akuangalie ndani."

Akaenda. Nilibaki nimekalia funguo yangu. Nikajiambia, akasirike, bati itakuja, atasahau. Nilijua namna ya kumusaidia kuliko yeye mwenyewe. Bado nasema nilikuwa na haki.

Lakini Emérence hakurudi ndani kuketi na kulia. Alivuka avenue akaenda kwa Paluku. Na Paluku, wee Mungu wangu, asubuhi ile alikuwa anahangaika, juu depo ilikuwa imejaa simenti mpya, hakuna tena pa kuficha vitu vyake vyote. Emérence alikuja kumuomba kiti moja ya kukalisha mugeni. Alimupa fotei mbili za velour! Akamupa na televizyo, akamupa na groupe, akaita wafanyakazi wake wabebe mbio-mbio. Alimubariki Emérence kwa jina ya Bikira Maria.

Mimi sikuona kitu. Niliona tu Précieuse anatoka kwa Emérence, uso umefungwa. Nikakimbia kule na miguu yangu hii. Fotei nyekundu mbili zimejaza nyumba, televizyo juu ya gunia ya maharagi, groupe kwa kona. Emérence amekaa chini, juu ya mukeka, mikono kwa magoti.

"Emérence! Umefanya nini?"

"Mugeni alikaa," akasema. "Alikaa vizuri, mugongo umeegemea. Alisema asante."

Nilitaka kumupiga na kiatu. Nilitaka pia kuketi karibu naye. Sikufanya hata moja. Nilitoka bila kuaga.

Paluku, yeye, alikutwa amekaa juu ya mufuko ya simenti, na hata kasha ya bia ameificha, na frigo pia.

Namba ilipanda kidogo tu, haikufika pale shirika inatoa bati. Na kwa mustari wa nyumba zile, mutu wa juu kabisa, tajiri wetu, ni Emérence mujane wa Ezéchiel. Mutu wa chini kabisa ni Paluku. Précieuse alikuja kuniambia mwenyewe, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Niliandika kama vitu vile ni vya kuazima, koko. Niliandika kwa barua, pembeni. Wakaniambia tablette haina pembeni. Mara ya tatu hakuna."

Basi nilivaa, nikaenda depo. Fotei za Paluku zilikuwa bado kwa Emérence, juu aliogopa tablette irudi. Wafanyakazi walikuwa wanashusha bati. Bati mpya, zinawaka na jua mpaka nikafunga macho.

"Papa Paluku," nikasema, "bati za shirika zimekosa juu yako na juu ya fotei zako. Toa zako. Nusu ya paa ile haitakumaliza."

Akacheka mpaka akajipiga paja. "Mama Kadidja! Hesabu ya wenye masomo imesema mimi ndiye wa mwisho wa avenue. Mama Emérence iko juu yangu. Ni yeye anisaidie!"

Wafanyakazi wakacheka naye.

"Vizuri," nikasema. "Basi fotei ni zake. Hesabu imesema."

Kicheko ikakatika. Na mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi upande wa mto. Paluku akakimbia, mimi nyuma yake. Mvua ilitufikia mbele ya mulango wa Emérence, na tulipoingia ilikuwa imeingia mbele yetu. Maji inashuka kwa bati, maji inashuka kwa ndele. Velour ile ilinuka mbuzi. Emérence ameinama juu ya fotei, anajaribu kuzifunika. Magunia yake ya maharagi ameyaacha wazi.

Paluku aliinua kichwa, akaangalia paa. Aliangalia muda murefu, maji inamuanguka kwa uso, na mimi nikafikiri: sasa. Sasa ameona.

Akasema, "Mama Emérence, ungezifunika mapema."

"Nilifunika, papa," Emérence akajibu. "Na pagne yangu ya ndoa."

Wafanyakazi wake wakafika, wakabeba fotei, televizyo na groupe, wakaenda nazo. Pagne ilibaki chini ndani ya maji. Mimi na Emérence tuliiokota, yeye kwa pembe moja, mimi kwa ingine, tukaikamua, na hatukusemeshana. Tumeanza kusemeshana tena juu ya kuku tu.

Maharagi ile iliota, gunia moja tu ilibaki kavu. Anauza sasa kopo za gunia ya mwisho, na bado anaweka matabisi. Masika inarudi karibuni.

Ndiyo habari ya Emérence, vile muliomba. Sasa na mimi naomba, na si kuomba, ni kudai, juu mulikunywa sukari yangu. Wewe unayesoma, kuja kwa avenue yetu siku ya mvua. Usitume habari mbele, usimupe Emérence muda wa kufika kwa fensi. Ingia. Akikuambia ukae, kataa, sema magoti yako haikunjike. Simama pale katikati, uangalie juu mpaka maji ikuingie kwa macho. Kisha rudi na bati moja. Moja tu kila mutu. Misumari iko, ngazi ya Mahmoudi iko. Na wewe Paluku, najua watakusomea hii pale depo: wewe lete kumi, na uzibebe kwa kichwa yako mwenyewe, mchana, watu wakuone. Mimi niko hapa kwa mulango, nimekaa juu ya kiti ya buluu.